Kisu cha Minofu: Kinepe Wapi, Kikaze Wapi?

Sato wa kilo moja akishatolewa kichwa, matumbo, ngozi na mifupa, hubaki na mnofu unaokaribia theluthi moja tu ya uzito wake. Wako samaki wanaozidi hapo na wako wanaopungua, lakini hakuna anayekupa nyama yote uliyolipia mnadani. Mwanza imejengeka biashara nzima juu ya mabaki hayo: mapanki, yaani vichwa na migongo ya sangara inayotoka viwandani baada ya minofu kwenda ng'ambo. Kisumu wanayaita mgongo wazi, nayo yana wachuuzi na wakaangaji wake. Kwa hiyo nyama inayosahaulika mfupani kiwandani hupata mlaji mtaani. Nyumbani au mtumbwini hakuna soko la pili. Nyama uliyoiacha kwenye uti ni kitoweo ulichokilipia ukampa paka, na mara nyingi aliyekukosesha ni kisu.

Dukani wengi wetu hupima kisu kwa kidole gumba. Kikikwaruza, tunasema ni kikali, tunalipa, tunaondoka. Lakini ukali ni sifa inayokuja na kuondoka: kisu chochote chaweza kunolewa leo na kuwa butu kesho kutwa. Visivyobadilika baada ya kulipa ni vinne: umbo la bapa, namna linavyonepa, chuma lililotengenezwa kwacho, na mpini. Hivyo ndivyo vya kuchagua, na cha pili ndicho kinachosahaulika kuliko vyote.

Kazi tatu, kisu kimoja

Ili kuona kwa nini kunepa kuna uzito huo, tumfuate changu wa ukubwa wa sahani juu ya ubao. Amekwisha kuparwa magamba. Mkato wa kwanza hupita nyuma ya shavu na pezi la ubavuni, kwa mshazari, hadi ncha iguse uti wa mgongo. Hapa kisu kinapaswa kukaza. Bapa likilegea, mkato unakwenda mrama na nyama nene ya shingoni, ambayo ndiyo tamu, inabaki kichwani.

Mkato wa pili huanzia mgongoni. Ncha inapita kando ya mapezi ya juu, kutoka kichwani hadi mkiani, kisha mkono wa kushoto unainua nyama kidogo kidogo huku kisu kikiteleza juu ya mifupa. Msikivu atasikia mlio mdogo wa bapa likikwaruza miiba. Ukinyamaza, ujue kisu kimeshapanda juu na kinakata nyama. Kisha zinakuja mbavu, ambazo hazikunyooka. Zimepinda kama mgongo wa kijiko, na ncha inabidi ipande na kushuka nazo. Bapa gumu halijui kupinda, hivyo ama litakata mbavu na kuziacha ndani ya mnofu, ama litapita juu yake na kuacha nyama nyuma.

Kazi ya tatu ni kuchuna ngozi. Mnofu unalazwa, ngozi chini. Unashika upande wa mkia, unaingiza bapa kati ya ngozi na nyama, unalilaza karibu sambamba na ubao, kisha unavuta ngozi kwa kuitikisatikisa huku kisu kikisogea kidogo tu. Hapa panahitajika urefu, na katikati ya bapa panahitajika kulegea kiasi, ili makali yalale chini hata mpini ukiwa umeinuka kupisha vidole.

Kazi ya kwanza inataka ugumu, ya pili inataka ncha nyepesi, ya tatu inataka bapa refu linalolala. Kisu kizuri cha minofu ni suluhu kati ya matakwa hayo: kikaze karibu na mpini, kianze kunepa kuelekea katikati, kinepe zaidi nchani. Kinachonepa sawasawa kuanzia mpinini ni dhaifu. Kisichonepa popote ni cha kuchambulia nyama ya ng'ombe. Jaribio la dukani ni rahisi. Weka ncha juu ya kipande cha mti au kadibodi, sukuma taratibu, tazama mpindo unaanzia wapi. Ukiachia, bapa lirudi likiwa limenyooka. Likibaki na kijipindo, lirudishe kwa mwenyewe.

Wafini na Wajapani

Kunepa si jibu pekee kwa tatizo hili. Ufini, nchi ya maziwa mengi na samaki wa ukubwa wa wastani, ndiko kulikotoka umbo ambalo wavuvi wa ndoana dunia nzima wanalijua leo: bapa jembamba linalochongoka, mpini wa mti wa mbetula, ala ya ngozi. Rapala, kampuni iliyojipatia jina kwa chambo bandia, ilianza kuuza visu vya aina hiyo miaka ya 1960, vikifuliwa na kiwanda cha Marttiini cha Rovaniemi.

Wajapani walikwenda njia nyingine kabisa. Kisu chao cha samaki, deba, ni kizito, kigongo chake ni kinene, na hakinepi hata kidogo. Siri yake ni kwamba kimenolewa upande mmoja tu. Upande wa pili ni tambarare tupu, na ndio unaolala juu ya mfupa, hivyo makali hukaa palepale nyama inapokutana na mwiba. Kisigino chake kizito hukata kichwa. Kwa fundi ni chombo cha ajabu. Kwa anayejifunza ni kigumu, maana kunoa upande mmoja ni kazi yenye adabu yake, na kisu cha mtu wa mkono wa kulia hakimfai wa kushoto. Kwa nyumba nyingi, bapa linalonepa husamehe makosa zaidi.

Urefu upimwe kwa samaki

Kanuni inayofanya kazi ni hii: bapa lizidi kidogo upana wa samaki unayemkata mara nyingi, ili mkato mmoja uvuke bila kukerezakereza. Kwa sato, tasi na changu wadogo, sentimita 15 zinatosha. Kwa changu wakubwa, kolekole na sangara wa kilo chache, sentimita 18 hadi 20. Kwa sangara mkubwa au chewa mwenye mwili mnene, 23 na kuendelea.

Jodari ni habari nyingine. Nyama yake hutolewa kwa mapande manne, mawili kila upande wa uti, na mapande hayo ni mazito kiasi kwamba kisu chembamba kinachonepa hupotea njia ndani yake. Yeye anataka bapa refu lililokaza.

Na wapo wasiohitaji kisu hiki kabisa. Mapishi mengi ya pwani hayaondoi mfupa: samaki wa kupaka huchanjwa ubavuni na kuchomwa mzima, nguru hukatwa vipande pamoja na uti wake, ng'onda hupasuliwa na kuanikwa. Kwa mikato hiyo kisu kigumu cha kawaida kinafanya kazi vizuri zaidi, na bapa jembamba la minofu litaharibika likigonga uti wa nguru.

Chuma, chumvi na jiwe

Visu vya zamani vya chuma chenye kaboni tupu vilinoleka upesi na kushika kutu upesi zaidi. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alipata chuma chenye kromiamu ya kutosha kuzuia kutu, na biashara ya visu ikageuka. Leo chuma huhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hiyo hukutana na hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana unaolinda chuma kilicho chini yake.

Tatizo ni bahari. Chumvi huuvunja utando huo na kuacha vitobo vidogo vya kutu, hasa penye makali na mahali bapa linapoingia mpinini. Kwa hiyo maandishi ya "hakishiki kutu" yaliyochongwa kwenye bapa yasimpumbaze mvuvi. Kisu chochote kilichoshinda baharini kioshwe kwa maji baridi ya kunywa, kifutwe, kikauke kabla ya kurudi kwenye ala. Ala ya ngozi inapendeza machoni lakini hunywa maji ya chumvi na kuyatunza. Ya plastiki yenye tundu chini haina makuu na inafaa zaidi.

Visu vingi vya minofu vya bei ya kati hutumia chuma kinachoandikwa X50CrMoV15 au 1.4116, chenye takriban nusu asilimia ya kaboni na asilimia 15 ya kromiamu. Ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell huangukia kati ya 54 na 58. Vile vya Kijapani vinavyofika 60 na kupita hukaa na makali muda mrefu, lakini makali hayo humeguka yakigonga mfupa na yanataka jiwe zuri na mkono mzoefu. Bapa jembamba linalogusana na mbavu siku nzima linafaidika na chuma cha wastani: huchoka mapema, lakini mipitisho michache juu ya jiwe hukirudisha kazini.

Jiwe ni muhimu kuliko tunavyolichukulia. Pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande inatosha. Tupa hula chuma kingi mno kwa bapa jembamba. Mnoaji wa baiskeli anayepita mitaani ana msaada kwa panga na shoka, lakini gurudumu lake linalozunguka kwa kasi bila maji huipasha ncha nyembamba moto kwa sekunde chache. Ukiona rangi ya buluu imejitokeza pale nchani, ugumu wa chuma umekwenda, na sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka isagwe iishe.

Usiparie magamba kwa kisu hiki. Magamba hushika mchanga, na mchanga humaliza makali kabla kazi haijaanza. Kipande cha mti kilichopigiliwa visoda hufanya kazi hiyo vizuri zaidi, tena bila gharama.

Mpini na jikoni

Kizuri chajiuza, na mpini wa mti uliong'arishwa hujiuza kuliko vyote. Lakini ute wa samaki ni utelezi mtupu. Mpini wa plastiki yenye mikwaruzo au mpira haupendezi sana, ila haukuponyoki mkononi. Mti hunywa damu na maji, ndiyo maana viwanda vya minofu huuepuka. Tazama kiungo cha bapa na mpini: pasiwe na ufa wa kuingiza uchafu, na pawe na kizuizi kidogo cha kuzuia kidole kuteleza hadi kwenye makali.

Jikoni kisu hiki kina kazi nje ya samaki, ingawa zina mpaka. Huondoa utando kwenye nyama, hutenganisha paja la kuku na kiuno kwenye kiungo, hukata matunda laini. Hakifai kukatakata vitunguu, kwa kuwa bapa ni jembamba na vifundo vya vidole hugonga ubao kabla ya makali. Kisikate samaki aliyeganda barafu, wala mfupa, wala nazi.

Basi, mwenye fedha ya kisu kimoja cha mtumbwi na jiko achukue cha sentimita 18, kinachonepa kiasi kuanzia katikati, chuma cha wastani, mpini usioteleza. Bei ikimzidi, apunguze kwenye jina la kampuni na kwenye ala, asipunguze kwenye jiwe. Kisu cha bei rahisi kinachonolewa kila baada ya kazi kitatoa mnofu safi mwaka mzima; cha bei ghali kisichojua jiwe kitaanza kuacha nyama mfupani kabla ya mwezi kuandama.