Memphis, mji uliokataa kuitwa "boi"

Ukingoni mwa mto Mississippi, mjini Memphis katika jimbo la Tennessee, ipo bustani yenye jina la Tom Lee. Mei 1925 meli ya mvuke ilipinduka mbele ya macho yake. Lee, mtu mweusi asiyejua kuogelea, aliipeleka mashua yake ndogo kwenye maji yale ya kasi, akarudi tena na tena, mpaka akaokoa watu 32. Mji ulimshukuru kwa kumpa kazi ya kuzoa taka. Alipofariki ukamjengea mnara ulioandikwa kwamba alikuwa "Negro" mwenye kustahili sana. Hata katika kumsifu, rangi ilitangulia.

Wageni wengi hufuata muziki, na hawakosei. Beale Street iko karibu na mto, mtaa wa klabu za bluzi ambako B.B. King alijijengea jina. Sun Studio ndiko Elvis Presley alikorekodi wimbo wake wa kwanza wa kibiashara mwaka 1954. Katika studio ya Stax, wanamuziki weusi na weupe walipiga ala pamoja katika mji uliowatenga kila mahali pengine. Na nyama ya nguruwe iliyookwa polepole kwa moshi inanukia mitaani kiasi cha kumsimamisha mpita njia.

Ila jirani na Beale imesimama sanamu ya Ida B. Wells, mwanahabari ambaye ofisi ya gazeti lake ilivunjwa mwaka 1892 kwa sababu aliandika ukweli kuhusu mauaji ya weusi.

Februari 1, 1968, wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya sehemu ya nyuma ya lori lao. Mtambo wa kushindilia taka ukawashwa kwa hitilafu, ukawaponda. Siku kumi na moja baadaye wenzao 1,300 waligoma. Walikuwa watu wazima, baadhi yao wenye wajukuu, na bado waliitwa "boy". Afrika Mashariki neno hilo linajulikana vizuri. Wakoloni walituachia "boi", mtumishi asiyekua kamwe. Ndiyo maana mabango ya wagomaji yalibeba maneno manne tu ya Kiingereza, "I am a man", yaani mimi ni mwanamume.

Mgomo huo ndio uliomleta Martin Luther King. Jioni ya Aprili 4, kwenye roshani ya chumba 306 cha Lorraine Motel, alikuwa akimwomba mpiga saksafoni Ben Branch apige usiku huo wimbo wa dini alioupenda. Risasi ikalia. Loree Bailey, mke wa mwenye hoteli, ambaye hoteli hiyo ilipewa jina kwa heshima yake, alipatwa na kiharusi usiku uleule, akafa siku King alipozikwa.

Tangu 1991 hoteli hiyo ni Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia. Shada la maua limetundikwa pale roshanini. Wazoa taka walipata mkataba wao Aprili 16, siku kumi na mbili baada ya risasi ile, wakarudi kazini.