Roketi ya Hitler iliyowamaliza walioiunda

IKIWA nyumbani kwako kuna kijana anayependa mambo ya anga, huenda amewahi kukuuliza ni nani waliokuwa wa kwanza kurusha chombo kikafika nje ya dunia. Wengi wetu hukimbilia kujibu kwamba ni Warusi, tukikumbuka Sputnik ya mwaka wa 1957.

Jibu hilo ni sahihi tukizungumzia setilaiti, yaani chombo kinachoizunguka dunia. Lakini miaka 13 kabla ya hapo, mnamo Juni 20, 1944, Wajerumani walirusha roketi moja wima, ikapaa zaidi ya kilomita 170 kabla ya kuanguka. Wataalamu wengi huhesabu kwamba anga ya juu huanza kilomita 100 kutoka ardhini.

Roketi hiyo haikuundwa ili kuchunguza nyota. Iliundwa ibebe takriban tani moja ya vilipuzi na kuiangusha katikati ya mji wa watu. Na wengi wa walioiunda hawakulipwa hata senti moja, kwa kuwa walikuwa wafungwa.

Ili uelewe jambo hili lilivyoanza, msomaji, yafaa turudi nyuma hadi 1919. Baada ya kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani ilitia sahihi mkataba wa Versailles uliowekea mipaka mizinga na silaha nyingine nzito ambazo ingeweza kuwa nazo. Walioandika mkataba huo hawakutaja roketi popote. Wakati huo roketi ilikuwa kitu cha fashifashi za sherehe tu. Wakuu wa jeshi la Ujerumani waliuona mwanya huo mapema.

Wakati huohuo kulikuwa na vijana mjini Berlin waliokuwa na wazimu wa safari za mwezini. Walikuwa na chama chao, na kuanzia mwaka wa 1930 walikuwa wakifanyia majaribio roketi ndogo katika uwanja mmoja pembeni mwa mji. Mmoja wao aliitwa Wernher von Braun, mtoto wa jamaa tajiri na mwenye akili za kupindukia. Chama hakikuwa na pesa. Jeshi lilikuwa nazo. Mwaka wa 1932, akiwa na umri wa miaka 20, Von Braun alianza kufanya kazi chini ya afisa wa mizinga, Walter Dornberger.

Desemba 1934, kikundi hicho kilirusha roketi mbili katika kisiwa cha Borkum, wakazibandika majina ya utani Max na Moritz, watoto watundu wa hadithi ijulikanayo na kila Mjerumani. Zilipaa zaidi ya kilomita mbili. Jeshi likafungua mkoba.

Kilichokuwa kikihitajika sasa ni mahali pa faragha kando ya bahari. Inasemekana ni mamake Von Braun aliyempa wazo la Peenemünde, kijiji cha pwani ya Baltiki ambako jamaa zao walikuwa wakienda kuwinda mabata. Kufikia 1937 kijiji hicho kilikuwa kimeanza kugeuzwa kituo kikubwa cha siri, chenye karakana, maabara na nyumba za wafanyakazi.

Kombora walilokuwa wakilitafuta waliliita A4. Lilikuwa na urefu wa mita 14 na uzani wa karibu tani 13 likiwa limejazwa mafuta. Mafuta yenyewe yalikuwa spiriti iliyochanganywa na maji, ikichomwa pamoja na oksijeni iliyopoozwa mpaka ikawa majimaji, baridi kupita nyuzi 180 chini ya sifuri. Pampu yenye nguvu ilisukuma vitu hivyo ndani ya injini, na kwa muda wa kama dakika moja tu injini ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Sehemu iliyobaki ya safari, kombora lilijiendea lenyewe kama jiwe lililorushwa kwa teo.

Kazi ngumu ilikuwa kulizuia lisiyumbe. Wahandisi waliweka ndani yake magurudumu madogo yaliyozunguka kwa kasi, mfano wa pia anayoichezea mtoto, ambayo hayakubali kuinamishwa ovyo. Kombora likianza kwenda mrama, magurudumu hayo yaliamrisha vibawa vilivyokuwa ndani ya moto wenyewe wa injini kulirudisha njiani.

Majaribio mawili ya mwaka wa 1942 yaliambulia patupu. La tatu, Oktoba 3, lilifaulu: kombora lilipaa zaidi ya kilomita 80 na kuanguka baharini umbali wa kilomita 190. Hakuna kombora lililowahi kufika mbali hivyo.

Waingereza walinusa habari. Usiku wa kuamkia Agosti 18, 1943, karibu ndege 600 za kuangusha mabomu ziliishambulia Peenemünde. Walter Thiel, mtaalamu aliyebuni injini, aliuawa pamoja na jamaa yake. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba mabomu mengi yaliangukia kambi ya vibarua wa kigeni, yakaua mamia ya watu ambao hawakuwa wamekwenda huko kwa hiari.

Baada ya shambulizi hilo, Hitler na wakuu wake waliamua kwamba kombora litaundwa chini ya ardhi. Palipochaguliwa ni mlima Kohnstein, karibu na mji wa Nordhausen, uliokuwa na mahandaki. Siku kumi tu baadaye, Agosti 28, wafungwa wa kwanza waliletwa kutoka kambi ya Buchenwald. Kambi yao mpya iliitwa Dora.

Hapo ndipo hadithi hii inapogeuka ya kutisha. Kwa miezi kadhaa ya mwanzo wafungwa hawakuwa na mabweni. Walilala mumo humo mlimani, juu ya vitanda vya ghorofa, huku wenzao wakipasua mawe kwa baruti hatua chache kutoka hapo. Vumbi halikutulia. Maji yalikuwa ya shida na vyoo vilikuwa mapipa yaliyokatwa katikati. Wengi walikaa majuma mengi bila kuona jua.

Walikuwa Warusi, Wapolandi, Wafaransa na watu wa mataifa mengine mengi. Aliyeshukiwa kuharibu kombora makusudi, hata kama ni kwa kulegeza nati tu, alinyongwa mbele ya wenzake. Wengine walinyongwa kwa winchi ya kiwandani, miili ikaachwa ikining'inia wapite wakiiona.

Takriban watu 60,000 walipitia Dora na kambi zake ndogo, na karibu 20,000 kati yao walikufa. Si wote waliokuwa wakiunda kombora hili, maana kulikuwa na kazi nyingine za kuchimba na kujenga. Hata hivyo, linganisha idadi hiyo na ya waliouawa na makombora yenyewe, ambayo wengi huikadiria kuwa elfu tano na zaidi.

Mashambulizi yalianza Septemba 8, 1944. Asubuhi kombora liliangukia viunga vya Paris, na jioni jingine likaanguka Chiswick, magharibi mwa London, likaua watu watatu. Wakati huu waenezaji propaganda wa Hitler walilipa jina V-2, V ikisimamia neno la Kijerumani la kulipiza kisasi.

Hebu fikiria hali ya wakazi wa London. Ndege ya adui husikika ikija, ving'ora hulia, nawe ukawashika watoto mkono na kukimbilia handakini. V-2 ilikwenda kasi kupita sauti. Mlipuko ulitangulia, kisha ndipo mngurumo wa ujio wake ukafuata. Aliyeusikia mngurumo alijua kwamba safari hii ameponea.

Novemba 25, 1944, kombora liliangukia duka la Woolworths katika mtaa wa New Cross, London, Jumamosi watu wakinunua vitu vya nyumbani. Walikufa 168. Desemba 16, jingine lilipiga sinema ya Rex mjini Antwerp, Ubelgiji, likaua watu 567. Kwa jumla zaidi ya makombora 3,000 yalifyatuliwa, lakini hayakubadilisha mkondo wa vita.

Vita vilipoisha, washindi walikimbilia wataalamu badala ya kukimbilia mahakama. Von Braun, aliyekuwa mwanachama wa chama cha Nazi na afisa wa SS, alijisalimisha kwa Wamarekani Mei 1945. Alipelekwa Marekani pamoja na wenzake wengi, na sehemu za kuunda makombora kama 100 zikasafirishwa huko. Oktoba 24, 1946, V-2 moja iliyorushwa New Mexico ilipiga picha ya kwanza ya dunia yetu kutoka anga ya juu. Warusi nao walichukua wataalamu wao, wakaanza kwa kuiga kombora hilohilo.

Mmoja wa kundi la Peenemünde, Kurt Debus, alikuja kuwa mkurugenzi wa kituo cha Kennedy ambako Wamarekani walirushia vyombo vya mwezini. Alipostaafu alijiunga na kampuni ya Kijerumani, OTRAG, iliyojaribu roketi zake katika mkoa wa Shaba, Zaire, mwaka wa 1977 na 1978.

Von Braun ndiye aliyeongoza ujenzi wa Saturn V, roketi iliyowapeleka watu mwezini Julai 1969. Baadaye alikiri kwamba alifika kwenye mahandaki mara kadhaa na kwamba hali ilikuwa mbaya, lakini alishikilia kwamba hakuwa na uwezo wa kuibadilisha. Binafsi naona utetezi huo haukutosha. Ipo barua yake ya Agosti 1944 ambamo anaeleza jinsi alivyokwenda Buchenwald kutafuta wafungwa wenye ujuzi wa kufanya kazi aliyoitaka. Alikufa mwaka wa 1977 bila kushtakiwa. Mwenzake Arthur Rudolph, aliyesimamia uundaji mlimani na baadaye akasimamia mradi wa Saturn V, aliondoka Marekani mwaka wa 1984 na kuutupa uraia wake ili asifikishwe mahakamani.

Sehemu ndogo ya mahandaki ya Kohnstein sasa hufunguliwa kwa wageni. Wakiingia na mwelekezi huona vipande vya V-2 vikiwa vimelala kwenye matope, vimeliwa na kutu, palepale vilipoachwa mwaka wa 1945.