Kisu cha Jikoni Miyuji: Stenlesi au Springi?

Kama unafungua mgahawa au bucha Miyuji, Dodoma, wiki hii, kabla ya kuuliza bei ya kisu angalia maji utakayokioshea. Hewa ya Dodoma ni kavu, hivyo kutu haiendi mbio kama Tanga au Dar es Salaam. Lakini visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, na chumvi hutoboa hata stenlesi.

Kisu cha mhunzi, cha springi ya gari. Bei yake ni nafuu na kinanoleka vizuri kwa jiwe la kawaida. Ila kromiumu yake haifiki asilimia 2: kikilala na maji, kinaamka na kutu. Kinamfaa anayekifuta kila akimaliza kukata na kukipaka mafuta ya kula kabla ya kufunga.

Stenlesi namba 420. Ina kromiumu asilimia 12 hadi 14, inavumilia ndimu na nyanya, na visu vya aina hii havikosekani madukani. Makali yake huisha mapema, kwa hiyo weka kando hela ya kunoa.

Chuma cha zana, D2. Kina kromiumu karibu asilimia 12, lakini sehemu kubwa imefungwa na kaboni, haibaki ya kuzuia kutu. Makali hukaa sana. Bei iko juu, mara nyingi unaagiza na kulipia usafiri, na kukinoa kunataka jiwe la almasi. Kwa jikoni, kiache.

Stenlesi 304. Hii ni ya sinki na sufuria. Haigumishwi kwa moto, kwa hiyo haishiki makali.

Usidanganyike na kipimo cha sumaku. Kisu kizuri cha 420 hunasa sumaku. Sinki la stenlesi 201, lenye nikeli kidogo na linalowahi kutu, halinasi, sawa na la 304. Dai namba ya chuma iandikwe kwenye risiti.

Gharama nyingine hujificha kwenye matunzo. Dawa ya klorini isiyosuuzwa hula stenlesi. Mpini wa mbao ukilowekwa huoza na kulegea.

Uamuzi ni huu: jikoni kwenye wasaidizi wengi, nunua 420 yenye mpini wa plastiki. Bucha ambako kisu kinashikwa na mwenyewe, springi inatosha, na fedha inayobaki nunua jiwe zuri la kunolea.