pH Ikitulia, Usitulie

Tangu dhahabu ya Magambazi ijulikane, Handeni si wilaya ya mahindi na mifugo tu. Mchimbaji wa Kang'ata akishasaga mawe kwenye karasha na kuyaosha kwa zebaki, marudio, yaani mabaki ya mawe hayo, hubaki na dhahabu ambayo zebaki haikuishika. Hiyo hufuatwa kwa sayanaidi, njia iliyobuniwa Glasgow mwaka 1887. Kanuni ni moja: chokaa kwanza, sayanaidi baadaye. Wachenjuaji wengi wanajua kwamba chokaa huzuia hewa ya sumu. Inazuia kwa kiasi gani? Jibu linapatikana kwa hesabu ya asidi dhaifu.

Ndani ya maji, sayanaidi ipo katika sura mbili. Ya kwanza ni ioni, CN⁻, inayoyeyusha dhahabu na kubaki majini. Ya pili ni asidi yake, HCN, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo hutoka tangini kwa urahisi kama hewa inayoua. Harufu yake si ya kutegemea, kwani wapo watu ambao pua zao haziinusi kabisa. Sura hizi mbili zikikaa pamoja huwa bafa, yaani myeyusho unaopinga kubadilika kwa pH.

Uwiano wake hupatikana kwa kanuni ya Henderson na Hasselbalch:

pH = pKa + logi ([CN⁻] ÷ [HCN])

pKa ya HCN ni takriban 9.2. Chukua lita moja yenye nusu gramu ya sayanaidi ya sodiamu. Moli moja ina uzito wa gramu 49, kwa hiyo tuna milimoli 10.2. Kwenye pH 10.5, tofauti na pKa ni 1.3, na 10 kwa kipeo cha 1.3 ni 20. Kwa kila sehemu moja ya HCN kuna sehemu 20 za CN⁻. Gawanya 10.2 kwa 21: HCN ni milimoli 0.5, sawa na asilimia 5, na CN⁻ ni 9.7.

Sasa marudio yenye salfaidi yaliyokaa juani na mvuani yaingize asidi, milimoli 2 kwa lita, na tuchukulie kwamba hakuna chokaa ya akiba iliyobaki chini ya tangi. Alkali iliyo huru humeza 0.3 tu. Zinazobaki, 1.7, humezwa na CN⁻, na kila inayomeza hugeuka HCN. Hesabu mpya: CN⁻ 8.0, HCN 2.2, uwiano 3.6, pH takriban 9.8. Ongeza milimoli 2 nyingine: CN⁻ 6.0, HCN 4.2, pH takriban 9.4.

Linganisha hatua hizo mbili. Asidi ilikuwa ileile, na HCN iliongezeka kwa karibu kiasi kilekile, lakini pH ilishuka kwa 0.7 mara ya kwanza na kwa 0.4 tu mara ya pili. Mchenjuaji anayetazama kipimo peke yake angedhani hali imeanza kutengemaa, kumbe HCN imetoka asilimia 5 hadi 41 ya sayanaidi yote. Maji ya chokaa yenye pH 10.5, yasiyo na sayanaidi, yangepewa milimoli 2 za kwanza yangeporomoka hadi 2.8 hivi. Bafa ndiyo iliyozuia anguko hilo, na kila asidi iliyomezwa imelipiwa kwa HCN.

Bafa huwa na nguvu zaidi pale pH inapokaribia pKa. Kwa sayanaidi, hapo ni 9.2, ambapo nusu nzima ni HCN. Mahali kipimo kinapotulia zaidi ndipo hatari ilipokwisha kukua. Kiangalie kwa kiwango kilipo, si kwa kasi ya kushuka. Kikienda chini ya 10.5, ongeza chokaa wakati huohuo. Usisubiri kuona kama kitashuka tena. Na kabla ya kuingiza marudio mapya, pima asidi yake kwenye ndoo ya maji safi. Huko hakuna sayanaidi ya kuificha.