Ijue Mashine ya Upepo Kabla Hujaigusa



Katika ukurasa wetu wa leo tuzungumze juu ya mashine ambayo karibu kila mmoja wetu ameisikia ikinguruma, lakini ni wachache tulioelezwa inavyofanya kazi. Ni kompresa, ambayo wengi tunaiita mashine ya upepo. Iko nyuma ya kiwanda, iko kwenye gereji ya shamba, iko kando ya barabara kwa fundi wa panchari. Mimi si injinia. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaingia kiwandani mwaka 2001. Haya ninayoyaandika nimeyapata kazini, kwa mafundi walionifundisha, na kwenye semina za chama.

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Nilikuwa katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Uganda. Kila jioni, kabla ya kwenda nyumbani, tulikuwa tunachukua mpira wa upepo na kupuliza vumbi la pamba kutoka kwenye nguo zetu. Mnyapara alikuwa anatuona, na mara nyingine yeye mwenyewe alipuliza nguo zake. Jioni moja mwenzetu, kijana mcheshi, alimwelekezea rafiki yake mpira ule kwa nyuma, kwa utani tu. Rafiki alikuwa amevaa suruali yake. Haikufika sekunde mbili. Sisi wote tulicheka. Yule aliyepulizwa hakucheka. Alishika tumbo, akakaa chini.

Usiku ule alipasuliwa hospitalini. Utumbo ulikuwa umetoboka. Tunashukuru hakufa, lakini hakuweza tena kubeba marobota. Aliyefanya utani alifukuzwa kazi kesho yake. Mwajiri akasema huo ulikuwa mchezo wao wenyewe, kwa hiyo hakuna fidia. Vijana wale wawili walitoka kijiji kimoja na walilala chumba kimoja. Siku moja iliwapoteza wote wawili.

Tawi letu lilikutana, na mzee mmoja akauliza swali moja tu: "Nani kati yetu alifundishwa juu ya upepo huu?" Hakuna aliyenyoosha mkono.

Basi ndugu, tufundishane.

Kompresa inafanya kazi kama pampu ya baiskeli. Ndani yake mna pistoni inayokwenda juu na chini. Ikishuka, inavuta hewa ya kawaida kupitia valvu moja. Ikipanda, inaibana na kuisukuma kupitia valvu nyingine mpaka kwenye tanki. Kuna kompresa nyingine, hasa katika viwanda vikubwa, ambazo hazina pistoni bali skurubu mbili nene zinazozunguka pamoja na kuibana hewa katikati yake. Kazi ni ile ile. Tanki likijaa kiasi kilichowekwa, swichi inazima mota. Upepo ukipungua, mota inawaka tena.

Viwanda vingi vinatumia upepo wa paundi 100 hivi kwa kila inchi ya mraba. Maana yake ni kwamba hewa ya matanki karibu manane imebanwa ndani ya tanki moja. Tuchukue tanki ambalo kifuniko chake cha mwisho kina upana wa inchi 20. Kifuniko hicho kina inchi za mraba 314. Zidisha kwa paundi 100, utapata paundi 31,400, yaani tani 14. Mzigo wa lori zima unasukuma kile kipande cha chuma, mchana kutwa, nawe unapita karibu nacho ukiwa na kikombe chako cha chai.

Kazi za mashine hii ni nyingi. Katika viwanda vya sukari na vya sabuni, upepo ndio unaofungua na kufunga valvu za mabomba makubwa. Katika viwanda vya kahawa kuna mashine za kuchagua rangi. Buni mbaya ikipita, inapigwa kipuli kidogo cha upepo na kutupwa pembeni. Katika nguo kuna mitambo ya kufuma inayorusha uzi kwa upepo. Gereji wanafungulia nati za magurudumu na kupaka rangi. Lori na trela zinafunga breki kwa upepo unaotoka kwenye kompresa ndogo ya injini, na ndiyo sababu dereva mwangalifu haondoi gari kabla ya geji kupanda. Breki ya upepo ya treni ilitengenezwa na Mmarekani George Westinghouse, aliyepata hati yake mwaka 1869. Kabla ya hapo wafanyakazi walikuwa wanapanda juu ya mabehewa yanayokwenda na kufunga breki moja moja kwa mkono, na wengi walianguka wakafa.

Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Mwaka 1857 kazi ya kutoboa mlima kati ya Ufaransa na Italia ilianza, ili treni ipite. Ni zaidi ya kilomita 12 za mwamba. Mwanzo walitoboa kwa nyundo na mikono. Mwaka 1861 injinia Germain Sommeiller alileta mashine za kutoboa zinazoendeshwa kwa upepo, na njia ikafunguliwa mwaka 1871, mapema kuliko ilivyotazamiwa. Mashine za namna hiyo zilienea katika migodi ya dunia. Pamoja nazo likaja vumbi. Toboo la upepo linasaga mwamba kuwa unga mwembamba unaoingia mapafuni na kuyafanya magumu. Dawa yake ilijulikana mapema: kupitisha maji kwenye toboo ili vumbi lilowane. Hata hivyo, huko West Virginia, Marekani, mwaka 1930 na 1931, wafanyakazi, wengi wao watu Weusi, walitoboa mwamba wa namna hiyo bila kinga ya kutosha. Mamia walikufa. Mwaka 1936 wabunge wa Marekani walichunguza jambo hilo, lakini waliokufa walikuwa wamekwisha kuzikwa. Na sisi tuliokuwa na wazee Kilembe, ambako shaba ilichimbwa tangu 1956 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, tunajua kikohozi cha mtu wa mgodini.

Sasa tuseme juu ya tanki lenyewe. Hewa ina unyevu. Ikibanwa kisha ikapoa, maji yanadondoka chini ya tanki. Yasipotolewa, yanakula chuma kutoka ndani. Nje rangi inang'aa, ndani chuma kimekuwa chembamba kama bati la debe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hutapata hata nafasi ya kuujenga.

Hayo ndiyo kamati ya tawi letu iliyoyakuta. Koki ya chini ya tanki ilikuwa imeshika kutu, haijafunguliwa kwa muda mrefu. Valvu ya usalama, ambayo kazi yake ni kutoa upepo ukizidi, ilikuwa imefungwa kwa waya. Tulipouliza, tukaambiwa ilikuwa inapiga kelele na kupoteza upepo. Ndugu zangu, valvu ile ilikuwa inasema kweli, na waliifunga mdomo.

Tuliandika barua. Tulikataa kufanya kazi karibu na tanki lile mpaka likaguliwe. Siku tatu tulitishwa kwamba tutafukuzwa. Siku ya nne mkaguzi alikuja. Tanki liliondolewa, likaletwa jingine. Mwenzetu aliyeumia chama kilimfuatia madai yake, akalipwa baada ya karibu miaka miwili, si kiasi chote tulichodai. Yule aliyefukuzwa hatukufaulu kumrudisha. Nalisema hilo wazi, maana si kila jambo tunashinda.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Usijipulize wala kumpuliza mwenzako. Upepo unapenya ngozi, jicho, sikio na tumbo, hata kupitia nguo. Vumbi litolewe kwa brashi au kwa mashine ya kufyonza.

2. Maji ya tanki yatolewe kila siku, na ajulikane nani anayatoa.

3. Geji iwe na alama ya kikomo. Valvu ya usalama isifungwe, isizibwe, isiguswe na asiye fundi.

4. Tanki lipimwe nguvu kwa maji, si kwa upepo. Maji hayabanwi, kwa hiyo likipasuka yanamwagika tu. Upepo unarusha vyuma.

5. Usifungue mpira wenye upepo. Funga koki kwanza, toa upepo uliobaki, ndipo ufungue.

6. Rimu za lori zenye pete zijazwe upepo ndani ya kizimba cha chuma, fundi akiwa amesimama pembeni.

7. Usivute pumzi kutoka kwenye kompresa ya kawaida. Ina mafuta na inaweza kubeba gesi ya sumu.

Msiogope kudai. Hapa Uganda tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Jirani zetu wa Kenya wanayo yao ya 2007, inayotaka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejitenga na hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe, na kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliuweka miongoni mwa mikataba ya msingi.

Kesho ukifika kazini, kabla ya kengele, nenda ukaliangalie tanki. Itazame geji, itazame valvu, uliza maji yalitolewa lini. Ukijibiwa kwamba hiyo si kazi yako, mlete mwakilishi wa tawi mwulize pamoja.

Umoja ni nguvu.