Vitabu Viwili katika Nyumba ya Mkata

Watu wengi hutafuta kitabu cha dini wakati wa dhiki. Aliyefiwa, mume na mke waliokosana, kijana ambaye dhamiri yake haimpi usingizi, kila mmoja huingia katika duka la vitabu la kanisa kutafuta maneno ya kumtuliza, na mara nyingi hutaka yamtulize kabla jua halijachwa. Haja hiyo ni ya haki wala haistahili kubezwa. Lakini kitabu kinavyomfaa mtu moyoni mwake na nyumbani mwake ni jambo la taratibu kuliko wengi tunavyodhani, na ushahidi wake umo katika maisha ya John Bunyan, Mwingereza aliyetunga kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Safari ya Msafiri.

Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, mwana wa fundi wa kuziba masufuria, kazi ambayo naye aliirithi. Mwaka 1644, akiwa bado kijana wa miaka kumi na mitano, mama yake alifariki, dada yake akamfuata mwezi uliofuata, na baba yake akaoa mke mwingine kabla machozi ya watoto hayajakauka. Baada ya hayo kijana akaingia katika jeshi la bunge lililokuwa likipigana na mfalme. Aliporudi kutoka vitani akaoa binti mkata kama yeye, ambaye jina lake halikuhifadhiwa popote. Walianza maisha, kwa masimulizi yake mwenyewe, hawana sahani wala kijiko. Ila bibi arusi alikuja na vitabu viwili alivyoachiwa na marehemu baba yake, kimoja cha Arthur Dent, kilichoandikwa kwa namna ya mazungumzo juu ya njia ya mtu wa kawaida kwenda mbinguni, na kingine cha Lewis Bayly, juu ya ibada na mwenendo wa uchaji.

Fundi yule na mkewe walikuwa wakivisoma pamoja, na katika kusoma huko mwanamke alikuwa akimsimulia mumewe jinsi baba yake alivyokuwa mtu mwema, jinsi alivyoonya maovu nyumbani kwake na kwa jirani zake, na jinsi alivyoishi yale aliyoyasoma. Naona hapo pana siri kubwa ya kusoma katika ndoa. Vitabu vile havikufika mikononi mwa Bunyan vikiwa karatasi tupu. Vilifika pamoja na habari za mtu aliyevipenda, na aliyezitoa habari hizo alikuwa mke, si mhubiri wa mimbarini. Hata hivyo, havikumgeuza. Alikiri kwamba vilimtia hamu ya dini ya nje tu, akawa mshika kanisa na moyo wake ukabaki ulivyo. Msomaji anayelalamika kwamba amemaliza kitabu kizuri asibadilike, na amkumbuke fundi wa Elstow, ambaye matunda ya masomo yale yalichelewa kwa miaka mingi.

Baadaye yakamjia maradhi ya moyo ambayo Waswahili tangu zamani wana jina lake, yaani waswasi. Aliyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1666: mawazo mabaya asiyoyataka yakimshambulia mchana na usiku, hofu kwamba amekwisha kukataliwa na Mungu, na aya moja ya Maandiko ikimhukumu kwa siku nyingi hata nyingine ije kumtetea. Lililomtesa zaidi katika taabu hiyo lilikuwa upweke, maana aliwaza kwamba hapana mtu mwingine duniani aliyewahi kupatwa na hali kama yake. Akatamani kusoma habari za mcha Mungu wa zamani, aliyeandika kabla yake kwa miaka mingi, akajaliwa kupata ufafanuzi wa Martin Luther juu ya Waraka kwa Wagalatia, katika nakala kuukuu iliyokuwa karibu kuachana vipande vipande. Hakusoma mbali kabla ya kuiona hali yake mwenyewe imeelezwa humo kama kwamba kitabu kimetolewa ndani ya moyo wake, na tangu siku hiyo akakitukuza kuliko vitabu vyote, ila Biblia, kwa kumfaa mwenye dhamiri iliyojeruhiwa.

Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ambayo kitabu chaweza kumpa mwenye huzuni, nayo hutangulia nasaha zote: kumjulisha kwamba si yeye wa kwanza. Vingi vya vitabu vya faraja vinavyouzwa siku hizi huruka hatua hii, vikamkimbilia msomaji na kanuni za ushindi kabla ya kumsikiliza kilio chake, na kwa kweli sioni vinavyoweza kuponya kwa haraka ya namna hiyo. Wala kitabu cha Luther hakikumaliza vita. Jaribu zito kuliko yote lilimjia Bunyan baada ya kukisoma, likamtesa kwa miaka. Lakini sasa alijua kwamba mtu mwingine amepita katika bonde lile na akatoka.

Mkewe alifariki mwaka 1658, akamwachia watoto wanne, na mkubwa wao, Mary, alikuwa kipofu. Akamwoa Elizabeth. Mwezi wa Novemba 1660 akakamatwa kwa kuhubiri bila ya ruhusa ya serikali, na kwa kuwa hakukubali kuahidi kunyamaza, alikaa gerezani Bedford miaka kumi na miwili. Elizabeth, aliyekuwa mja mzito, alipatwa na mshtuko mimba ikaharibika. Juu ya hayo alisimama mwaka 1661 mbele ya mahakimu akimtetea mumewe kwa ushujaa, akitaja watoto wale wanne ambao hawakuwa na riziki ila sadaka za watu wema. Mfungwa alitengeneza kamba za viatu ziuzwe kwa ajili ya watoto, na aliandika kwamba kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa kumfikiria yule asiyeona. Mtu aliyeandika akiwa katika dhiki ya namna hiyo hana haja ya kubuni majonzi.

Ndiyo sababu Safari ya Msafiri, iliyotoka mwaka 1678, haidanganyi juu ya huzuni. Msafiri wake, aitwaye Mkristo, na mwenziwe Mtumaini hunaswa na jitu la Kukata Tamaa, wakatupwa katika giza la ngome ya Mashaka, wakapigwa na kushauriwa wajiue. Wanakaa humo tangu Jumatano hata usiku wa Jumamosi, na katikati ya sala Mkristo anakumbuka kwamba kifuani mwake ana ufunguo uitwao Ahadi. Ufunguo ulikuwapo siku zote. Tena mlango wa mwisho, ule wa chuma, haukufunguka kwa wepesi. Kufuli yake ilikuwa ngumu mno, na kila aliyewahi kuuguza moyo wake anajua kwamba mwandishi huyu amesema kweli.

Liko jambo moja katika sehemu ya kwanza linalowatatiza wenye familia, nami sitalificha: Mkristo anaondoka mbio, amejiziba masikio, mkewe na watoto wakimlilia nyuma. Akiishia hapo, msomaji aweza kudhani kwamba kukua kiroho ni kuwapa watu wa nyumbani kisogo. Bunyan alitoa sehemu ya pili mwaka 1684, na humo anayesafiri ni mke mwenyewe, Kristiana, pamoja na wanawe wanne na msichana jirani. Mwendo wao ni wa polepole kwa kuwa kuna watoto. Wanapumzika mara nyingi, na katika nyumba moja ya wageni watoto wanaulizwa maswali ya imani mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Mwana mkubwa, Mathayo, anapougua tumbo kwa kula matunda ya bustani ya adui, anaitwa tabibu. Nawaomba wanaodhani kwamba sala na kitabu vinatosha kwa kila ugonjwa wa mwili na wa akili waisome sura hiyo kwa makini, kwani mtunzi wake hakuona haya kumtia mganga ndani ya safari ya mbinguni.

Kwa hiyo familia iliyofiwa au iliyochoshwa na ugomvi ningeishauri ianze na sehemu hii ya pili, isomwe kwa sauti baada ya chakula cha jioni, kurasa chache tu, na mtoto akiuliza swali kitabu kifungwe, wazungumze naye kwanza. Wakifika mahali ngome ya Mashaka inapobomolewa, wakatolewa ndani yake mzee aliyevunjika moyo na binti yake mwenye hofu nyingi, wasipite kwa haraka. Hapo Kristiana anapiga ala ya nyuzi, na kiwete mmoja wa msafara, akishika gongo moja mkononi, anamchukua binti yule mwoga wakacheza ngoma njiani, naye akaicheza vizuri.