Tambi za Mlimani: Zipi za Chai, Zipi za Ukwaju?

Kijana wa Lamu au wa Kisauni apatapo kazi ya ualimu, ya benki au ya hospitali katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya, mtihani wake wa kwanza si baridi. Baridi huzibwa kwa sweta. Mtihani ni meza. Watu wa Nyeri ni wakarimu, na mgeni akialikwa chakula cha jioni, hasa katika hoteli zilizozoea watalii, huenda akaletewa sahani ya spageti yenye mchuzi wa nyama, na kando yake chupa ya mvinyo mwekundu, kwani wenyeji wake wamefunzwa kwamba chakula hicho hakikamiliki bila ya kinywaji hicho. Mgeni akikataa, huletewa soda ya machungwa. Hapo tena utamu wa soda huuzima mchuzi wote, na mgeni huonekana mtu aliyejinyima, naye huanza kujiona hivyo.

Hakujinyima kitu. Vile vinavyotafutwa ndani ya chupa ile kwa ajili ya kuteremsha tambi vimo ndani ya majani ya chai yaliyomzunguka huko huko Nyeri, na vimo ndani ya ukwaju alioukulia kwao.

Kwanza tujue tambi hizo zilifikaje mlimani, maana hazikuja kwa njia moja. Njia ya kwanza ni ya Wataliani wenyewe. Wamisionari wa Consolata kutoka Turin waliingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, wakafanya Nyeri kuwa makao yao makuu, na jina lao lingali juu ya hospitali ya Mathari. Kisha vikaja vita. Italia iliposhindwa Ethiopia mwaka 1941, maelfu ya askari wake waliletwa Kenya wakiwa mateka. Kambi moja ilikuwa Nanyuki, na ndiko alikotoroka Felice Benuzzi na wenzake wawili Januari 1943, si kwenda kwao bali kuupanda mlima. Wakapandisha bendera yao juu ya kilele cha Lenana, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao. Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mwakilishi wa mfalme katika makoloni yale, alifia Nairobi Machi 1942 akiwa mateka, naye amezikwa Nyeri pamoja na mabaki ya askari wake katika kanisa la ukumbusho lililojengwa mwaka 1952. Basi jirani ya miaka mingi huacha harufu ya jiko lake.

Njia ya pili ilipita upande wetu. Italia hiyo hiyo ilitawala Somalia ya kusini tangu mwisho wa karne ya 19 hadi 1941, ikarudi kuisimamia toka 1950 hadi 1960. Wasomali waliichukua tambi ya Mtaliani wakaiita baasto, wakachukua na mchuzi wake wakauita suugo, wakautia mbuzi na bizari. Mvinyo wakamwachia mwenyewe. Mahali pake wakaweka ndizi mbivu, ndimu, pilipili na chai ya viungo, na penye ngamia, maziwa yake. Desturi hiyo ilivuka mpaka hata ikafika Isiolo, kilomita zipatazo 50 tu kutoka mji wa Meru. Kwa hiyo mlima mmoja una tambi za Mtaliani pande mbili: upande mmoja zimekuja na chupa, upande wa pili zimekuja na ndizi. Nami sijasikia mtu wa Isiolo akilalamika kuwa baasto yake imepungukiwa.

Sisi wa mwambao tusisahau kuwa nasi tunazo zetu. Tambi za nazi na iliki za asubuhi ya Idi ni za nasaba hiyo hiyo ya unga wa ngano, na zabibu huingia humo ikiwa kavu. Hata lugha yetu imekwisha pita hapa. Neno mvinyo tulilipata kwa Mreno, na neno meza vile vile. Meza tukaitia nyumbani, mvinyo tukauacha ndani ya kamusi.

Sasa tuje kwenye kanuni yenyewe. Wataliani hawalinganishi kinywaji na tambi, bali na mchuzi wake. Mchuzi mzito wa nyama hupewa mvinyo mwekundu. Samaki, chaza, au ule mchuzi wa majani ya rihani wa Genoa hupewa mweupe. Ukiuliza sababu, utaambiwa mambo mawili, nayo hayahusiani na ulevi hata kidogo. La kwanza ni ukakasi, la pili ni uchachu.

Ukakasi ni kile kinachokaza ulimi wako ukila bibo. Hutokana na kitu kiitwacho tanini, kilicho katika maganda na kokwa za zabibu, ndiyo maana mvinyo mwekundu umejaa nacho na mweupe una kidogo. Nyama na mafuta hufanya kinywa kuteleza. Tanini hushikana na protini iliyo mdomoni, ule utelezi ukakatika, na tonge la pili likawa na ladha kama la kwanza. Lakini tanini si mali ya zabibu peke yake. Chai imejaa ukakasi wa namna hiyo, na Nyeri ni nchi ya chai: Chinga, Iriaini na Gitugi upande wa Othaya, Gathuthi upande wa Tetu, Ragati upande wa Mathira, vyote ni viwanda vya chai. Mtu aliyekaa baina ya viwanda hivyo na sahani ya spageti na nyama ana dawa yake dirishani.

Ila iwe chai ya rangi, ile waiitayo bara sturungi, iliyokolea na isiyojaa sukari. Hapa ndipo ninapogombana na mahoteli ya bara, na ya kwetu pia. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja haifai kwa kazi hii, kwa kuwa tanini imekwisha shikana na protini ya maziwa ndani ya sufuria na haina nguvu tena ya kufanya kazi mdomoni. Chai ya maziwa ni nzuri kwa mahamri. Tuiache huko.

Uchachu nao ndio unaohitajiwa na samaki na michuzi ya siagi na maziwa. Mito ya baridi itokayo Mlima Kenya na Nyandarua ina samaki wa trauti walioletwa na walowezi, na tambi zenye trauti, kitunguu saumu na ndimu ni chakula cha kumsahaulisha mtu changu kwa siku moja. Mwenye mvinyo mweupe hutafuta asidi yake tu. Asidi kubwa iliyo ndani ya zabibu yaitwa tatariki, na ni matunda machache duniani yaliyo nayo kwa wingi. Mojawapo ni ukwaju, tena ukwaju umeipita zabibu mbali sana. Mama zetu waliotengeneza maji ya ukwaju kwa futari walikuwa wakishika asidi ile ile anayoisifu mwenye chupa, wala hawakuhitaji pipa. Asiyekuwa na ukwaju achukue pasheni. Kwa mchuzi wa nyanya, ambao una uchachu wake mwenyewe, matunda damu ya huko huko mlimani yanapatana nao vizuri.

Tambi za pilipili zina mambo yao. Maji hayazimi pilipili. Protini ya maziwa ndiyo iung'oayo ukali ulimini. Maziwa lala, basi, au ya ngamia kwa aliye Isiolo. Na tambi zetu tamu zataka kahawa chungu, kama halua.

Kuna jambo zito zaidi ya kinywaji, nalo ni lile usiloliona. Mapishi ya ragù yaliyoandikishwa rasmi Bologna mwaka 1982 yana nyama ya nguruwe na yana mvinyo ndani ya sufuria. Wapishi wengi waliofunzwa Kizungu humwaga mvinyo bila ya kufikiri, kisha humwambia mgeni kuwa kileo kimeruka na mvuke. Hakiruki chote. Vipimo vya Marekani vimeonyesha kuwa chakula kilichochemshwa na pombe kwa dakika 15 hubaki na kama asilimia 40 ya kileo chake, na baada ya saa 2 na nusu hubaki kama asilimia 5. Na kwetu sisi hata kingetoka chote, masheikh wetu hawahesabu kwa asilimia. Basi muulize mpishi kabla ya kuagiza, kwa upole na bila haya, na umwambie badala yake atie maji ya ukwaju vijiko viwili. Mchuzi hautajua tofauti.

Na meza inayozungushwa pombe ni bora kuiomba radhi mapema, siku ya mwaliko, kuliko kuinuka watu wamekwisha keti. Mwenyeji aliyeambiwa mapema hupata nafasi ya kuandaa, na Mkikuyu hapendi mgeni wake aondoke na njaa.

Anayesafiri kwenda huko na achukue kilo moja ya ukwaju kutoka Kongowea. Autie konzi moja katika maji ya moto vikombe vinne, auache nusu saa, auvuruge kwa mkono na kuuchuja, atie tangawizi iliyopondwa, chembe ya chumvi na sukari kijiko kimoja tu. Barafu si lazima. Usiku wa Nyeri utaupoza.